Kompyuta moja, kazi nne: jinsi ya kusimika makontena ya Linux kwenye seva ndogo

Jumamosi moja asubuhi matangazo yetu ya vifo hayakwenda hewani. Msikilizaji wa mikoa mingine anaweza asielewe uzito wa jambo hili. Wewe wa Tarime na Serengeti unaelewa. Mtu akifariki Muriba, ndugu zake wako Nata, wengine wako Mugumu, na si kila simu inapatikana. Radio ndiyo inayowafikia.

Siku hiyo familia moja ilikuwa imeleta tangazo jioni, likapokelewa na kuandikwa kwenye kompyuta. Usiku, mtu wetu mmoja aliweka programu mpya ya kupokea meseji za wasikilizaji kwenye kompyuta hiyohiyo. Ile programu mpya ilibadilisha kitu ambacho programu ya matangazo ilikuwa inakitegemea. Asubuhi orodha ya matangazo ikagoma kufunguka. Muziki nao ukagoma. Tulipopata ufumbuzi ilikuwa saa tano, na mazishi yalikuwa saa nane. Mjomba wa marehemu alifika jioni, akakuta kaburi limeshafunikwa. Alikuja kituoni Jumatatu. Hakufoka. Aliuliza tu, "Mwanangu, kwani kompyuta yenu ina kazi ngapi?"

Swali lake ndilo lililozaa makala hii. Kompyuta ile ilikuwa na kazi nne, na zote zilikuwa zimelala kitanda kimoja. Leo bado tunatumia kompyuta moja kwa kazi hizo, lakini kila kazi ina chumba chake. Njia tuliyotumia inaitwa makontena ya Linux. Tangu tulipoigusia hewani, walimu wa sekondari, wahasibu wa SACCOS na vijana wanaotengeneza simu wametuomba maelezo ya kusoma taratibu. Haya hapa.

Fremu na nyumba

Tuanze na kitu unachokijua. Ukitembea Tarime mjini au Sirari utaona jengo refu moja lenye fremu nyingi. Fremu ya kwanza ni duka la dawa, ya pili fundi cherehani, ya tatu wakala wa fedha kwa simu. Wote wana msingi mmoja, paa moja na umeme unaoingia kwa nguzo moja. Lakini kila mmoja ana mlango wake na kufuli lake. Fundi cherehani akimwaga mafuta ya mashine, duka la dawa halichafuki. Akihama, wengine wanaendelea kuuza.

Kontena la Linux ni fremu. Ndani ya kompyuta moja unatenga sehemu, unaipa jina, anwani yake ya mtandao, mafaili yake na programu zake. Programu iliyomo humo inajiona iko peke yake duniani. Haioni majirani.

Ipo njia nyingine ya kutenga, inaitwa mashine pepe. Hiyo ni sawa na kumjengea kila mfanyabiashara nyumba yake kwenye kiwanja chake. Kila mashine pepe inabeba mfumo endeshi mzima, kuanzia msingi hadi paa, na inajifanya kompyuta kamili. Utengano wake ni imara zaidi, lakini gharama ni kubwa. Nyumba nne zinahitaji misingi minne. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 ikibeba mashine pepe nne, kila moja na GB 2, imekwisha, na bado mwenye nyumba mwenyewe hajapata kitu. Makontena hayabebi msingi. Yanatumia ule mmoja wa mwenyeji, ndiyo maana yanaitwa mepesi. Kontena la Debian ambalo halijapewa kazi linakula RAM ya makumi ya MB tu, na linawaka kwa sekunde chache.

Huo msingi wa pamoja unaitwa kiini cha Linux. Ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inayozungumza na diski, RAM na waya za mtandao. Kama una simu ya Android mkononi, tayari unatumia kiini hicho. Tena simu yako inatumia wazo linalofanana na hili. Kila programu unayoweka kwenye Android inapewa utambulisho wake, na haiwezi kufungua mafaili ya siri ya programu nyingine. Ndiyo maana mchezo alioweka mtoto hausomi moja kwa moja kumbukumbu za programu yako ya benki. Msingi ni mmoja, milango ni mingi.

Kuta na mita

Kiini cha Linux kinatengeneza fremu kwa vitu viwili.

Cha kwanza ni kuta. Kiini kinaficha. Kontena likiuliza, "Ni programu gani zinaendeshwa hapa?" linaonyeshwa za kwake tu. Likiuliza kuhusu mafaili au anwani za mtandao, jibu ni lilelile: za kwako ni hizi. Kuta hizi zilijengwa kidogo kidogo, kuanzia mwaka 2002.

Cha pili ni mita. Mwenye jengo mwenye akili hufunga mita ndogo kwa kila fremu, ili mwenye jokofu asimalize umeme wa wote. Kiini nacho kinaweza kusema kontena hili lisizidi MB 512 za RAM na lisile zaidi ya kichakato kimoja. Kazi hii ilianzishwa mwaka 2006 na wahandisi wa Google, Paul Menage na Rohit Seth, ikaingia rasmi kwenye kiini cha Linux mwanzoni mwa mwaka 2008. Mwaka huohuo ulianza mradi wa LXC, zana inayounganisha kuta na mita na kukupa kontena kamili.

Na mwaka huo huo wa 2008, kampuni moja ya mjini Vienna, Austria, ilitoa Proxmox VE. Huu ni mfumo unaogeuza kompyuta yako kuwa mwenyeji wa mashine pepe na makontena, na kukupa ukurasa wa kuvisimamia kwa kubonyeza. Tangu toleo la 4 la mwaka 2015, makontena yake ni ya LXC. Unapakuliwa bure, na leseni yake inaruhusu matumizi bila malipo. Wanaotaka msaada wa kampuni ndio hulipia. Sisi tunatumia huo, na maelekezo ya hapa chini ni ya huo.

Hata kwetu mambo haya si mageni

Usifikiri seva ni mambo ya Dar es Salaam peke yake. Kabla ya simu janja kuenea, mkoa wetu wa Mara ulikuwa na mtandao wa majaribio uliojulikana kama Serengeti Broadband Network. Uliunganisha Bunda, Nata na Mugumu kwa kutumia nyaya za fiba za TANESCO, ukafikisha intaneti kwenye hospitali, shule na ofisi za halmashauri. Ulikuwa kazi ya pamoja ya COSTECH, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na chuo kikuu cha KTH cha Sweden. Mmoja wa Watanzania walioufanyia utafiti, Amos Nungu, aliandika tasnifu yake KTH mwaka 2011 kuhusu namna mitandao ya vijijini inavyoweza kudumu. Maswali ya mradi ule ndiyo ya leo: umeme unatoka wapi, gharama analipa nani, na kikiharibika nani atakitengeneza akiwa hapahapa.

Ukienda zahanati unaona vitabu vya MTUHA. Takwimu zake huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta unaoitwa DHIS2, unaotumiwa na nchi nyingi ikiwemo yetu, na unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Waliotengeneza zana za kusimika seva za mfumo huo walichagua makontena: hifadhidata kontena lake, programu yenyewe kontena lake, na mlango wa kuingilia kutoka intaneti kontena lake. Kwa hiyo unachojifunza hapa si mchezo wa mtaani. Ni njia inayotumika kulinda takwimu za afya za mataifa.

Unahitaji nini

Kompyuta ya mezani iliyotumika inatosha. Iwe ya biti 64, na nyingi zilizouzwa kwa miaka 15 iliyopita ni za aina hiyo. RAM ianzie GB 4, ila GB 8 ni bora. Proxmox yenyewe itengee GB 2. Diski ya GB 250 au zaidi. Mashine pepe zinahitaji kichakato chenye uwezo maalumu wa kuzibeba, lakini makontena hayauhitaji. Ndiyo faida kwa sisi tunaonunua vitu vilivyotumika.

Utahitaji pia ruta na waya wa mtandao wa kuunganisha kompyuta na ruta. Usitegemee Wi-Fi kwa seva, inasumbua. Tafuta UPS, hata ndogo. Na utahitaji flashi mbili: moja ya kusimikia mfumo, nyingine kubwa, au diski ya nje, ya kuhifadhia nakala.

Faili la kusimikia Proxmox lina ukubwa unaozidi GB 1. Kama kijijini mtandao ni wa kubahatisha, lipakue ukiwa mjini, uliweke kwenye flashi kwa programu ya kuandaa flashi za kuwashia kompyuta, kisha urudi nalo. Kulikopi tu kama wimbo hakutoshi, kompyuta haitawaka nalo.

Tahadhari kubwa: usimikaji unafuta diski yote. Picha za harusi, barua za kamati, kila kitu. Hamisha kwanza, kagua ulichohamisha, ndipo uanze.

Kusimika hatua kwa hatua

*Hatua ya kwanza.* Washa kompyuta kwa flashi. Mfumo utakuuliza nchi, saa za eneo, nywila, na anwani ya seva. Chagua anwani isiyobadilika ndani ya mtandao wa ruta yako, kwa mfano 192.168.1.10. Andika nywila kwenye daftari na ulifungie kabatini. Ikipotea, utasumbuka.

*Hatua ya pili.* Ikimaliza, chomoa flashi na uiache iwake yenyewe. Kuanzia hapa kompyuta hiyo haihitaji hata kioo. Chukua kompyuta nyingine au hata simu iliyoungwa kwenye ruta hiyo, fungua kivinjari, andika:

https://192.168.1.10:8006

Kivinjari kitakuonya kwamba cheti hakitambuliki. Kwa seva uliyoisimika mwenyewe ndani ya ofisi yako, hilo ni la kawaida, endelea. Jina la kuingilia ni root.

*Hatua ya tatu.* Wengi hukwama hapa. Ukijaribu kuboresha mfumo, utapata kosa kwa sababu umepangwa kuchukua maboresho kutoka ghala la wanaolipia. Nenda kwenye sehemu ya maghala, zima lile la kulipia, washa lile lisilohitaji malipo. Utaendelea kuona ujumbe kwamba huna usajili kila unapoingia. Ubonyeze uondoke, haudhuru.

*Hatua ya nne.* Pakua kiolezo. Kiolezo ni mfumo uliokwisha kufungashwa, tayari kumiminwa kwenye kontena. Fungua dirisha la amri la seva na uandike:

pveam update
pveam available --section system

Utaona orodha: Debian, Ubuntu, Alpine na vingine. Alpine ni kidogo sana, hakifiki MB 10 kupakua, na ni kizuri ukiwa na bando la kubana. Debian ni kikubwa zaidi lakini kina maelekezo mengi mtandaoni, na kwa anayeanza ndicho ninachopendekeza. Kipakue kwa:

pveam download local JINA

ambapo JINA ni lile ulilolisoma kwenye orodha, uliandike lote bila kukosea herufi.

*Hatua ya tano.* Tengeneza kontena. Unaweza kubonyeza kitufe cha kutengeneza kontena kwenye ukurasa na kujibu maswali, au kuandika amri moja, yote kwenye mstari mmoja:

pct create 101 local:vztmpl/JINA --hostname matangazo --cores 1 --memory 512 --swap 256 --rootfs local-lvm:8 --net0 name=eth0,bridge=vmbr0,ip=192.168.1.21/24,gw=192.168.1.1 --unprivileged 1 --onboot 1

Tuisome pamoja. Namba 101 ni namba ya fremu. Jina lake ni matangazo. Limepewa kichakato kimoja, RAM ya MB 512 na diski ya GB 8. Linapita kwenye vmbr0, ambalo ni daraja la mtandao ndani ya seva, na anwani yake ni 192.168.1.21. Namba ya mwisho, 192.168.1.1, ni ya ruta. Neno la mwisho, onboot, linasema umeme ukirudi na seva ikiwaka, kontena hili liwake lenyewe. Kwa huku kwetu usilisahau hilo.

Na lile neno unprivileged? Hilo ni kufuli. Ndani ya kontena yupo bosi anayeitwa root, mwenye ruhusa zote. Ukiweka kufuli hili, bosi wa ndani ya fremu akitoka nje anahesabika kuwa mtu wa kawaida asiye na mamlaka yoyote kwenye jengo. Mhalifu akiivunja programu yako, anakuwa amevunja fremu moja. Usiliondoe kwa sababu tu umeona video inayosema liondoe ili kitu kifanye kazi haraka.

*Hatua ya sita.* Liwashe na uingie ndani:

pct start 101
pct enter 101

Sasa uko ndani ya fremu. Weka programu zako kama ambavyo ungeziweka kwenye kompyuta yoyote ya Linux. Ukimaliza andika exit, unarudi kwenye seva. RAM ikionekana haitoshi, huna haja ya kufungua kompyuta wala kuizima:

pct set 101 --memory 1024

Papo hapo kontena linapata GB 1.

Sisi tulivyogawa

Seva yetu ni kompyuta ya ofisi iliyotumika, RAM GB 8. Ina makontena manne. La kwanza ni la matangazo, yakiwemo ya vifo. La pili linapokea meseji za wasikilizaji. La tatu ni maktaba ya sauti, zikiwemo kanda tulizorekodi na wazee wa mila, ambao baadhi yao hatunao tena. La nne lina maktaba ya kusoma bila intaneti, kwa ajili ya waandishi wetu. Yote manne tumeyatengea jumla ya GB 2.5 za RAM.

Kompyuta ya studio inayorusha sauti hatukuiingiza humo. Hiyo ina kadi ya sauti na waya za kwenda kwenye mtambo, na makontena hayapendi vifaa vya aina hiyo. Sasa inafanya kazi moja tu, kurusha. Si kila kitu lazima kiwe kontena.

Wiki chache baadaye ile programu ya meseji iliharibika tena baada ya kuboreshwa. Mtangazaji wa zamu hakujua hadi mchana. Matangazo yalisomwa saa moja kamili kama kawaida.

Kabla ya kugusa, piga picha

Kontena lina faida nyingine ambayo kompyuta ya kawaida haina. Kabla ya kubadilisha chochote, unaweza kuhifadhi hali yake ilivyo sasa:

pct snapshot 101 kabla

Ukiharibu, unarudi pale pale:

pct rollback 101 kabla

Usiku ule wa Ijumaa, mistari hii miwili ingetosha. Mtu wetu angerudisha hali ya awali kwa dakika moja, akaenda kulala.

Lakini sikiliza vizuri: picha hii inakaa kwenye diski ileile. Diski ikifa, na picha imekufa. Nakala ya kweli inatoka nje ya kompyuta. Unganisha diski ya nje, isajili kwenye ukurasa wa Proxmox kwa jina, tuseme nakala, kisha:

vzdump 101 --storage nakala --mode snapshot --compress zstd

Kontena zima linakuwa faili moja. Unaweza kulipeleka kwenye kompyuta nyingine yenye Proxmox na kulifufua kwa amri ya pct restore. Ukurasa wa Proxmox unakuruhusu kupanga nakala zijitengeneze zenyewe kila usiku. Sisi tunazo diski mbili. Moja inakaa kituoni, nyingine inalala kwingine, na zinabadilishana kila Ijumaa. Na mara moja kwa mwezi tunafufua nakala moja kwa majaribio. Nakala ambayo hujawahi kuifufua ni sawa na mbegu ambayo hujaiotesha. Huijui kama ni nzima.

Udhaifu wake

Nimesifu fremu, sasa niseme ubaya wake. Jengo likiungua, fremu zote zinaungua. Kompyuta moja ikipigwa na radi, huduma zote nne zinalala siku hiyo. Makontena hayakuepushi na hilo, nakala za nje ndizo zinazokuepusha.

Pili, kiini ni kimoja. Kikipatikana tundu la usalama kwenye kiini, linawagusa wote. Ndiyo maana lazima uboreshe mwenyeji mara kwa mara, na uboreshe kila kontena pia, maana kila moja lina programu zake.

Tatu, kontena ni la Linux tu. Programu ya Windows, kama mfumo wa uhasibu ulionunuliwa na SACCOS yako, haiingii humo. Hiyo ijengee nyumba, yaani mashine pepe. Vivyo hivyo ukitaka kutumia Docker, ambayo ni aina nyingine ya makontena iliyotoka mwaka 2013, watengenezaji wa Proxmox wenyewe wanashauri uiweke ndani ya mashine pepe, si ndani ya kontena la LXC.

Umeme na taarifa za watu

Seva hulala macho, kwa hiyo piga hesabu ya LUKU. Kompyuta inayokula wati 60 kwa saa 24 inatumia uniti 1.44 kwa siku, kama uniti 43 kwa mwezi. Ungetumia kompyuta nne, moja kwa kila kazi, ungefika uniti 173 hivi. Tofauti hiyo ni hela ya chaki. Kompyuta ndogo za mezani, zile zinazotoshea kwenye mfuko wa daftari, hula kidogo zaidi, na zinawezekana hata kwa sola.

Jambo la mwisho halihusu mashine. Ukiwa na seva yenye namba za simu za wasikilizaji, majina ya wanafunzi au hisa za wanachama, umebeba taarifa za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Kwa hiyo weka taarifa hizo kwenye kontena lake, wape ufunguo wanaohusika tu, na usifungue ukurasa wa Proxmox kwenye intaneti. Uache uonekane ndani ya ofisi peke yake. Diski ya nakala nayo ifungie. Aliyeiba diski ameiba kila kitu.

Maswali tuliyoulizwa

*Je, wanafunzi wanaweza kutumia seva ya shule bila bando?* Ndiyo. Simu au kompyuta iliyounganishwa na ruta ya shule inafungua kilichomo kwenye seva bila kutumia hata MB moja ya intaneti. Programu kama Kiwix, inayobeba Wikipedia, na Kolibri, yenye masomo, zimetengenezwa kwa mazingira ya aina hiyo, na zote zinakaa vizuri kwenye kontena.

*Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule, si fundi. Hii inanihusu vipi?* Fundi akileta makadirio ya kununua kompyuta nne kwa kazi nne, muulize kwa nini isiwe moja nzuri yenye makontena, na fedha inayobaki inunue UPS na diski mbili za nakala. Kisha muulize nakala zitakaa wapi, na nani mwingine atafundishwa. Asipokuwa na jibu la maswali hayo mawili, usisaini bado.

*Kujifunza kunachukua muda gani?* Anayejua kutumia kompyuta kidogo atatengeneza kontena la kwanza ndani ya siku moja. Tumia kompyuta isiyo na kitu cha thamani, haribu, futa, anza upya. Kontena lililoharibika unalifuta na kutengeneza jingine kabla chai haijapoa.

Yule mjomba alirudi kituoni miezi kadhaa baadaye, safari hii akileta tangazo la mahari. Akaniuliza kama ile kompyuta bado ina kazi nne. Nikamwambia bado ni nne, ila sasa kila moja ina mlango wake. Akasema afadhali, akalipia tangazo lake, akaondoka.